Andikeni, Msiamini

Baba yangu alikuwa mwalimu wa madrasa kule Mandawa, wilayani Ruangwa, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake kabla sijawa mwanafunzi wa mtu mwingine yeyote. Alikuwa na desturi moja ambayo watoto wa watu hawakuionja. Nikikosea kusoma alinichapa mara mbili: fimbo za kwanza kwa sababu ya kosa, za pili kwa sababu nilikuwa mwanawe. Mama alikuwa jikoni akisikia. Hakuwahi kutoka kunitetea, lakini jioni alinipaka mafuta ya ufuta mgongoni bila kusema neno, nami nikajua kimya kile kilikuwa upande wangu.

Pamoja na ukali huo, baba hakunizuia kusoma shule. Nilipofika kidato cha nne tulifundishwa nadharia ya mageuko: kwamba viumbe hubadilika taratibu kizazi hadi kizazi, na kwamba binadamu naye ana ukoo mmoja na wanyama wengine. Nilirudi nyumbani na daftari nikamsomea baba, nikitafsiri kila sentensi kwa Kiswahili, kwa sababu niliona ni dhambi kumficha. Alikuwa amekaa uani anabangua korosho. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe umeamini?" aliuliza.

"Hapana, baba."

"Basi wakikuuliza kwenye mtihani, wape wanachotaka. Ila kisipite hapa." Akanigusa kooni kwa kidole kilicholowa mafuta ya maganda ya korosho. Mafuta yale huunguza. Nilikaa na doa jeusi shingoni wiki nzima, na shuleni niliwadanganya wenzangu kwamba niliungua na chai.

Nilifaulu, nikasomea ualimu, nikapangiwa sekondari moja pembezoni mwa mji wa Nachingwea kufundisha Baiolojia. Kwa miaka minane nilifundisha mada ile kwa namna ileile. Nilichora ubaoni, nikaeleza kwa Kiingereza kama kitabu kilivyoeleza, kisha nikaweka chaki mezani na kugeukia Kiswahili. "Hii ni ya mtihani," niliwaambia. "Andikeni, msiamini." Darasa lilicheka kama watu waliotuliwa mzigo. Waislamu walicheka, Wakristo walicheka, nami nilijiona mwerevu niliyeweza kuiridhisha serikali na Mungu ndani ya kipindi kimoja.

Mwaka ninaousimulia, kidato cha nne kilikuwa na binti wa katekista wa kigango cha jirani, mzee aliyekuja shuleni mara moja kwa wiki kuwafundisha Wakatoliki dini. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mirefu na masikio yaliyosimama kidogo, na hakuwa msemaji. Katika somo langu hakuna aliyemfikia. Siku hiyo, nilipomaliza kusema maneno yangu ya kila mwaka, aliinua mkono.

"Mwalimu, kama si kweli, tunaandikaje?"

"Kwa kalamu," nilimjibu.

Wenzake wakacheka. Yeye alikaa chini polepole, akanitazama kama mtu anayehesabu jambo kichwani na hesabu haimtoki.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Mandawa. Wadogo wa ukoo wetu walikuwa wametoka jandoni, na kulikuwa na karamu nyumbani. Wanaume tulikaa mkekani makundi makundi, kila kundi na sinia lake la pilau. Mimi niliwekwa sinia moja na baba, mjomba wangu, na binamu yangu mmoja aliyekuwa fundi pikipiki Ruangwa mjini. Binamu alikuwa mtu wa mzaha. Tulipokuwa tumekula tonge mbili tatu, alisema kwa sauti ya kusikika hadi sinia la tatu:

"Mwalimu, mtoto wa dada yangu anasoma kwako Nachingwea. Anasema unawafundisha babu yao alikuwa nyani. Sasa babu yupi, wa kuumeni au wa kukeni?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Baba hakucheka. Alipangusa vidole vyake.

"Kweli au uongo?" aliniuliza.

"Ni somo, baba. Limo kwenye mtaala."

"Sikukuuliza limo wapi."

"Ninalifundisha. Lakini nawaambia wasiliamini. Na wewe mwenyewe uliniambia niwape wanachotaka."

Sasa watu wa masinia yote walikuwa wametugeukia. Nilijua nimekosea kumtaja mbele za watu, lakini neno lilikwisha kutoka.

"Nilikuambia ujibu," baba alisema. "Anayejibu anajiokoa. Anayefundisha anapanda. Wewe umepanda miaka minane kwenye vichwa vya watoto wa watu, unakuja kuniambia uliikataza mbegu isiote."

Akalishika sinia kwa mikono miwili, akalivuta kwake na kwa mjomba, mkono wangu ukiwa bado umo ndani. Ukingo wa bati ulinikwaruza kifundo cha mkono. Nilibaki na tonge mkononi, sina pa kulirudisha, na sikuthubutu kulila. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na nilikuwa na mke na watoto wawili. Mjomba alitazama wali. Binamu yangu, aliyeanzisha yote, aliendelea kula.

Nilirudi Nachingwea asubuhi iliyofuata na kukuta rundo la mitihani ya nusu muhula. Karatasi ya binti wa katekista ilikuwa safi kama kawaida yake. Kila swali alikuwa amelijibu vizuri, mpaka lile la ushahidi wa mageuko. Hapo aliandika mistari miwili tu, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba swali hilo hatalijibu kwa sababu mwalimu wa somo amesema si kweli, na yeye amefundishwa kutoandika uongo.

Nilisoma mistari ile mara nyingi. Mkuu wa shule alikuwa na kawaida ya kuchukua karatasi chache za kila darasa na kuzipitia, na karatasi ya mwanafunzi bora haikosekani. Niliogopa. Mandawa nilikuwa nimenyang'anywa chakula kwa kuifundisha mada ile. Nachingwea ningeitwa ofisini kwa kutoifundisha. Mtu mzima angekaa na woga wake akaufikiria. Mimi nilitafuta mahali pa kuutua, na mahali pa karibu palikuwa yule binti.

Kilichotokea kipindi kilichofuata nakieleza kama kilivyokuwa. Niliisoma karatasi yake mbele ya darasa, nikiiga sauti yake. Kisha nikamwambia aje mbele, apande juu ya kiti changu, anyooshe mikono. Alifanya kama nilivyomwambia.

"Mwenzenu anasema hakuna ushahidi," niliwaambia. "Mimi naona ushahidi umesimama hapa. Nani ataniorodheshea?"

Kwanza walisita. Kisha mvulana mmoja akasema, "Mikono, mwalimu."

Nikaandika ubaoni: mikono.

"Masikio."

Nikaandika: masikio. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kuuliza. Wakataja vidole, wakataja paji la uso, wakataja anavyotembea. Msichana aliyekuwa akikaa naye dawati moja, aliyekuwa akinakili kazi zake tangu kidato cha kwanza, alitaja meno. Nilifika namba saba. Kutoka nyuma mtu alitoa mlio wa sokwe, darasa zima likaanguka kwa kicheko, na mimi, mwalimu wao, nilingoja kicheko kiishe chenyewe.

Hakulia. Aliutazama ukuta wa nyuma muda wote, mikono imenyooka, ikianza kutetemeka kwa kuchoka. Kengele ilipolia nilifuta ubao, nikamwambia, "Mara nyingine uandike." Alishuka, akakirudisha kiti mahali pake kwenye meza yangu, akakiweka sawa, na kutoka.

Tangu siku ile jina lake likawa Sokwe. Waliita kwenye paredi, waliita kisimani, vijana wa bodaboda walilichukua wakaliita barabarani. Nilisikia. Ingenitosha kusema neno moja siku ya pili, au ya tatu. Sikusema, kwa sababu jambo lilikuwa limenisaidia: hakuna mwanafunzi aliyerudia kuniuliza kama ninaamini.

Baada ya siku tisa baba yake alikuja shuleni kwa baiskeli. Alikuwa mzee mwembamba, shati jeupe limefungwa hadi shingoni, amevaa viatu ambavyo bila shaka huvivaa Jumapili. Kwa umri alikuwa sawa na baba yangu. Nilikuwa mlangoni mwa ofisi ya walimu na sikumwamkia. Nilimwacha anianze yeye, nami nikaitikia kama naitikia mwanafunzi. Viti vilikuwepo. Sikumkaribisha.

"Mwalimu, binti yangu hataki tena kuja shule," alisema. "Mama yake kambembeleza, mimi nimemfokea. Hasemi sababu. Nimeisikia kwa watoto wengine, nikaona nije kwako, labda wameongeza chumvi."

"Mwanao ana kiburi, mzee. Amekataa kujibu mtihani."

"Kwa hilo nami nilimkosoa. Nilimwambia ajibu. Padri wetu alishatueleza kwamba Mungu hapangiwi njia ya kuumba. Akitaka kuumba kwa siku moja ataumba, akitaka kuumba polepole kwa miaka mingi, ni yeye. Mimi sikuelewa yote, lakini niliona hapana ugomvi. Mwanangu akaniambia, baba, ugomvi wangu si na kitabu. Mwalimu anasema ni uongo, kisha anataka tuuandike. Akasema yeye hawezi vyote viwili."

Walimu wenzangu ndani walikuwa wakisikiliza. Niliona aibu, na aibu yangu ilitoka kwa sura ya dharau.

"Basi rudi kwa huyo padri wako," nilimwambia, "akakueleze vizuri babu yako alikuwa nani."

Ndani mtu alicheka kwa pua. Mzee hakukasirika. Alifikiri kidogo, kama aliyeulizwa swali la kweli.

"Babu yangu alikuwa Mmakua, mwalimu," alisema. "Alikuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya Ruvuma na mke na mbuzi mmoja. Amezikwa hapa hapa. Ukipenda nitakuonyesha kaburi."

Alisubiri kama nitajibu. Kisha akasema, "Haya, kazi njema," akageuza baiskeli yake. Binti hakurudi. Mtihani wa taifa ulipofika, namba yake ilikuwepo dawatini na hakuna aliyeikalia.

Mama alifariki mwaka uliofuata, wakati maua ya mikorosho yanaanza. Aliumwa siku nne tu. Nilifika Mandawa kwa pikipiki, mwili umeshaoshwa na kuvishwa sanda. Tangu karamu ile baba alikuwa hajanisemesha, na nilikuwa nimezoea kwenda kumwona mama kwa kupitia mlango wa nyuma. Siku hiyo niliingia wa mbele. Baba aliitikia salamu yangu kwa kuwa kutoitikia kungekuwa dhambi.

Kwetu anayeingia kaburini kumlaza mwanamke ni mwanawe au ndugu yake. Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee. Tulipofika makaburini nilivua viatu, nikakunja kanzu, nikasogea ukingoni. Vijana walikuwa wametanda shuka juu ya shimo. Sauti ya baba ikatoka upande wa pili.

"Huyu asiingie."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa kando yangu. Kwetu Wamwera mjomba ana neno, na kwa mazishi ya dada yake neno lake ni kubwa. Alisema kwa upole, "Shemeji, huyu ni mwanawe. Amenyonya ziwa lake."

"Aliyelala pale ni binadamu, kizazi cha Adamu," baba alisema. "Halazwi na mtu anayewaambia watoto kwamba asili yetu ni mnyama. Akiingia yeye, mimi sisomi talakini. Atafuteni mwingine wa kumsomea."

Mwingine wa kumsomea maiti dua hiyo ya kaburini hakuwepo, na kila mtu alijua. Mwili ulikuwa umesubiri tangu asubuhi na jua lilikuwa kali. Mbele ya kijiji kizima, nikiwa miguu mitupu juu ya udongo mwekundu wa kaburi la mama yangu, nikajitetea.

"Baba, mimi sijawahi kuliamini somo lile. Hata siku moja. Wallahi."

Alinitazama kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima.

"Hujaliamini," alisema.

"Sijaliamini."

"Basi afadhali ungeliamini. Mtu anayefundisha analoliamini amepotea tu. Wewe umejua ni uongo ukawalisha watoto wa watu, nao wakakuita mwalimu. Rudi nyuma."

Nilimtazama mjomba. Aliinamisha kichwa, akakunja suruali, akaingia yeye. Wa pili aliyeitwa kuingia alikuwa binamu yangu wa pikipiki. Nilirudi nyuma hadi walipokuwa wamesimama wavulana wadogo na wapita njia, na kutoka pale sikuona kitu isipokuwa migongo ya watu. Nilisikia wakiambiana, shika hapo, teremsha, polepole. Kisha nikasikia udongo. Baba alisoma talakini kwa sauti nzuri sana, sauti ileile aliyonifundishia, na alipolitaja jina la mama yangu haikukatika.

Hakuna aliyenifuata kunipa mkono wa pole ila dada yangu, usiku wa matanga. "Baba amezidi," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini na wewe ungenyamaza siku ile ya karamu."

Nilitamani kumchukia baba, na nilimchukia kwa muda. Shida ilikuwa kwamba maneno aliyoniambia kaburini nilikuwa nimeshayasoma, kwa Kiingereza, kwenye karatasi ya mtihani. Likizo ile nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu chuo: nilikisoma kitabu cha mada ile kwa ajili yangu mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Niligundua kwamba kwa miaka minane nilikuwa nikiwachekesha watoto kwa nyani aliyeamka asubuhi akajikuta mtu, jambo ambalo kitabu hakikulisema popote. Niliikataa nadharia ambayo sikuwa ninaijua, nikaifundisha hivyohivyo. Sasa ninaijua zaidi. Kuna sehemu zinanishawishi na kuna sehemu zinaninyima usingizi. Ninaswali swala zangu tano. Nikisujudu simwombi Mungu anieleze alivyoniumba. Namwomba asiniulize habari za kipindi kile.

Ilinichukua miaka mitatu kwenda kumtafuta yule binti. Haikuwa mbali. Alikuwa na cherehani kwenye baraza la duka moja hapo hapo Nachingwea, mtaa ambao nilikuwa nikiukwepa kwa kuzunguka nyuma ya soko. Alikuwa ameolewa. Aliponiona alisimamisha mguu kwenye pedeli.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, na yote yalipotea. Nikasema tu, "Nimekuja kukuomba msamaha. Kwa siku ile."

Aliutoa uzi kwenye sindano, akauingiza upya, ingawa haukuwa umekatika.

"Jina lile mume wangu analijua," alisema. "Aliambiwa na mashemeji zangu kabla hatujaoana. Tukiwa vizuri ananiita mama fulani. Akikasirika analitumia, mbele ya mtoto."

Nilitazama pedeli.

"Baba naye aliacha kwenda shuleni kufundisha dini," aliendelea, bila kupandisha sauti. "Alisema akipita pale anakuona umesimama mlangoni. Amefariki mwaka jana. Ulisikia?"

"Sikusikia."

"Hukusikia." Aligusa gurudumu la cherehani. "Ile siku, mwalimu, wakati unaandika ubaoni. Ulikuwa unaamini?"

"Hapana."

"Na sasa?"

"Sijui. Ninasoma."

Alitikisa kichwa taratibu, na kwa kitambo nikaona uso ule wa darasani, wa mtu anayepiga hesabu. Nilidhani atasema kitu ambacho ningeweza kuondoka nacho, kizuri au kibaya.

"Una nguo ya kushona?" aliuliza.

"Sina."

"Basi huyo nyuma yako anasubiri."

Niligeuka. Mwanamke mmoja mwenye kitenge mkononi alikuwa amesimama, anaona haya kutukatiza. Nilimpisha. Binti wa katekista akakipokea kitenge, akakitandaza mapajani, akaanza kumuuliza mteja wake kama mikono aitaka mirefu au mifupi.